Mwalimu Aliyekataa "Nzuri"

Mwaka huu, kabla mabani ya kukaushia tumbaku ya kijijini kwetu Goweko hayajawashwa moto, nilimkuta mwalimu wangu na kosa. Naliandika wazi hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hapendi mtu anayezungukazunguka. Kosa lilikuwa kwenye programu inayoendesha vifaa vya kukaushia tumbaku, programu aliyoianza yeye miaka mingi iliyopita na ambayo sasa naitunza mimi. Lilikuwa mstari mmoja tu, tena mfupi. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaipakia programu hiyo kwa mkono wake kwenye mabani kadhaa, na ni yeye peke yake aliyejua ni yapi. Mojawapo lingeweza kuwa la mama yangu. Majani yalikuwa yameshaning'inizwa, na kwetu ukisikia majani yameshaning'inizwa ujue mwaka mzima wa nyumba umo ndani ya kile chumba kirefu cha tofali, unasubiri kuni. Nilipaswa kumwambia, tena upesi.

Asiyemjua atauliza, sasa hapo kuna kazi gani? Si umpigie simu? Asiyemjua na aketi nimweleze.

Tulimwita Mwalimu, basi. Chuo chetu pale mjini Tabora kilikuwa na walimu tele, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza jina, kila mtu alijua unamsema yule mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, na vitenge vilivyopigwa pasi mpaka vikakaribia kusimama vyenyewe. Alikuwa na sauti ya kwaya ya Kimoravian, sauti inayofika mwisho wa kanisa bila kipaza sauti, na aliitumia hiyo hiyo kuomba chaki. Barabarani alitembea katikati. Pikipiki ndizo zilizompisha. Unyenyekevu hakuwa nao, na sikumbuki akiutafuta.

Siku moja alikuja mgeni kutoka Dar, kijana wa watu mwenye viatu vyeupe. Akakitazama kifaa kilichokuwa mezani, akakigeuzageuza, akauliza, "Mama, hii mmeagiza wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa Tabora. Kwani wewe ulidhani Tabora ni mahali pa kubadilishia treni?"

Kijana akacheka, yeye hakucheka. Mgeni alipoondoka akatugeukia. "Tangu zamani kila mtu anapita hapa," akasema. "Pembe zilipita. Watu waliofungwa minyororo walipita. Reli nayo ikapita. Mimi nataka kitu kimoja kiondoke hapa kikiwa kimetengenezwa hapa, na kikifika huko kifanye kazi." Kisha akarudi ubaoni kana kwamba hakuna kilichosemwa, lakini sisi tuliokuwa mle ndani tulikaa wima kidogo siku ile.

Niseme kifaa chenyewe ni nini, ili tusipotezane. Ndani ya bani, katikati ya majani, kinaning'inia kipimajoto. Nje kuna tanuru la kuni, na mdomoni mwa tanuru kuna kimlango cha chuma cha kupitisha hewa. Kikifunguka, moto unakua, kikijifunga, unapungua. Programu inakiuliza kipimajoto kuna joto kiasi gani, halafu inafungua au kufunga. Kazi rahisi, mpaka siku panya atakapotafuna waya. Hapo programu inauliza na hakuna anayejibu. Ukiwa umeiandika vibaya, huo ukimya itausoma kama sifuri. Itaamini bani limepoa, itafungua kimlango wazi, na moto utapanda mpaka majani yaungue, na pengine bani lenyewe. Mwalimu alitumia nusu ya maisha yake kwenye swali hilo moja: mashine isipojua, ifanye nini?

Ugonjwa aliokuja kuutibu, alisema, ni adabu yetu. Sisi watu wa huku tumelelewa vizuri mno. Ukiniuliza habari za nyumbani nitakujibu nzuri, hata kama paa limeezuliwa na upepo. Nitajibu nzuri za watoto, nzuri za shamba, nzuri za mifugo, na mwishoni kabisa, nimeshashika usukani wa baiskeli niondoke, ndipo nitakapokwambia: ila bibi tumemzika juzi. Mwalimu alisema programu tulizomwandikia zilikuwa na malezi hayo hayo. "Tofauti," alisema, "ni kwamba mashine haisubiri hiyo 'ila' yenu. Ikishasikia nzuri, imeondoka."

Muhula wa kwanza mwenzetu mmoja wa Nzega, kijana mpole asiyeweza kukanyaga kivuli cha mtu, aliandika programu ambayo kipimajoto kikinyamaza inarudisha sifuri. Mwalimu akamuuliza kwa nini. Akasimama, akashika mikono nyuma, akasema, "Sikutaka kumrudishia aliyeuliza maneno mabaya, Mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akainua mkono.

"Mnacheka nini? Huyu kasema kweli kuliko nyinyi wote. Nyinyi mmeandika hivyo hivyo, ila hamjui kwa nini."

Ndipo akatuletea lugha aliyoipenda. Inaitwa Rust, yaani kutu, na ni lugha ya kuandikia vitu vinavyokaa karibu kabisa na chuma: vifaa, injini, mitambo isiyo na mtu wa kuiangalia. Tulilalamika kwamba ni ngumu, na kweli ni ngumu. Sifa yake aliyoitaka yeye ni kwamba haikubali nzuri ya adabu. Kazi inayoweza kushindikana inatakiwa itangaze mapema kwamba inaweza kushindikana, na jibu lake linakuja limefunikwa. Ndani kuna kitu ulichoomba, au kuna sababu ya kukikosa. Huwezi kukitumia kabla hujafunua na kuona ni kipi. Ukijaribu kupita bila kufunua, kompaila, yaani kile chombo kinachosoma ulichoandika kabla mashine haijakiendesha, inakukatalia.

Kutufundisha hilo alikuja darasani na sahani mbili zilizofunikwa kawa, saa ya njaa, saa nne na nusu. Harufu ya maandazi ilikuwa imejaa chumba. Akamwita mmoja wetu, jamaa mwenye pupa, akamwambia achague. Jamaa akapenyeza mkono chini ya kawa bila kuinua, na akautoa upesi ukiwa umejaa mlenda. Maandazi yalikuwa kwenye ile nyingine.

"Ungefunua ungeona," akasema Mwalimu, akimpa kitambaa. "Mlenda nao ni jibu. Si kosa la mlenda."

Maandazi tuligawana. Jamaa alipewa mawili, kwa fidia.

Kuna amri katika lugha ile inayosema: nina hakika ni heri, nipe tu. Ukikosea, programu inakufa papo hapo. Wenzetu kwingine huitumia ovyo wakiwa na haraka. Mwalimu aliiita kiapo, na kwake kiapo hakikuwa mchezo. Ukikiweka kwenye kazi yako ulisimamishwa mbele ya darasa, ukaeleza umepata wapi hakika hiyo. Mmoja alisimama akasema, "Nina hakika kwa sababu waya ni mpya, Mwalimu." Akaulizwa kama panya wa kwao wanachagua waya za zamani. Mpaka tunamaliza mwaka, viapo vilikuwa vimebaki vichache sana, na kila kimoja kilikuwa na maelezo yake kando.

Lakini wala hakuwa mtu wa kusema kufa ni ushujaa. Tukijigamba kwamba programu yetu haidanganyi, ikishindwa inasimama, aliuliza: "Inasimama ikiwa imeshika nini?" Programu iliyokufa huku kimlango kikiwa wazi imeunguza bani vile vile, hata kama imekufa ikisema kweli. Kwa hiyo kimlango chake alikichonga kizito upande mmoja. Umeme wa sola unakishikilia kikiwa wazi. Umeme ukikatika, au programu ikifa, kinaanguka chenyewe na kufunga. Alijivunia kimlango hicho kuliko vyeti vyake. Wageni walionyeshwa kimlango kwanza, vyeti hawakuonyeshwa kabisa.

Na kisha kulikuwa na safari za mstari.

Kwetu vijijini, watu wakienda porini kwa njia nyembamba, wa mbele akiona kisiki husema "kisiki!" na wa nyuma yake hurudia, na wa nyuma ya huyo naye, mpaka wa mwisho. Wapagazi walitembea hivyo tangu enzi za misafara, mzigo kichwani, macho hayaoni miguu. Mwalimu alitutoa darasani akatupanga kwenye njia ya kuelekea Kwihara, kila mtu na matofali mawili kichwani, yeye nyuma kabisa. Aliyeona hatari apokeze. Aliyepokea, kama anaweza kuiondoa, aiondoe. Kama hawezi, apokeze kwa anayefuata, na maneno yawe yale yale. "Usiniletee 'kuna kitu'," alionya. "Kama ni mwiba, sema mwiba. Kama ni shimo, sema shimo. Mtu hukwepa kimoja kwa kuruka na kingine kwa kuzunguka."

Kila kitu kilikwenda sawa hadi karibu na bonde. Wa mbele akasema "siafu!" Likapokezwa, siafu, siafu, likafika katikati kwa yule jamaa wa maandazi, aliyekuwa anajibu ujumbe kwenye simu. Likaishia hapo. Sisi wa nyuma tukaingia siafu kwa utulivu mkubwa. Mwalimu, wa mwisho, akaingia na viatu vyake vya wazi.

Sitaeleza yote. Niseme tu kwamba sikujua kitenge kinaweza kufunguliwa na kufungwa upya kwa kasi ile huku mtu akirukaruka na kuimba sauti ya kwanza. Alipomaliza, akiwa bado anajikuna, hakumuuliza mtu yeyote kwa nini njia ina siafu. Aliuliza, "Nani kalimeza hilo neno?"

Jamaa akanyoosha kidole.

"Umeona? Wa mbele kaona. Kasema. Watatu wamepokeza. Wewe mmoja umemeza, na kazi yao yote imekuwa bure." Akajikuna. "Siafu hawana kosa. Ni wewe."

Lugha ile ina alama moja ndogo, ya kuuliza, unayoiweka mwishoni mwa mstari kuonyesha kwamba hapa jambo likiharibika, lipokezwe kwa aliyenituma. Mpaka leo nikiiandika alama hiyo miguu inaniwasha.

Watu wasidhani nasifia malaika. Nje ya kazi Mwalimu hakukosea hata siku moja, maana hakukubali. Wali wake ulioungua ulikuwa ni pilau. Alirudisha gari nyuma akagonga geti la kanisa, na hadi leo anaamini geti ndilo lililofunguliwa vibaya. Palikuwa na mwalimu mwenzake aliyemsahihisha mbele ya watu, tena kwa jambo dogo, mwaka gani jumuiya ilikarabati kisima. Mwenzake alikuwa sahihi. Mwalimu hakumsalimia mvua zote za mwaka ule, na zilipokwisha alimsalimia kwa mbali.

Hakupenda tumbaku pia. Kwao haivutwi, na harufu yake ilimkera. Akiingia Goweko msimu wa kukausha alifunga leso puani, huku akikagua kila waya kwa vidole kama mkunga. Mama yangu alimuuliza siku moja, "Mwalimu, wewe tumbaku huipendi, mbona unaihangaikia hivi?"

"Mimi silindi tumbaku," akamjibu. "Nalinda mikono yako iliyoichuma."

Mama hakusahau. Ndiye aliyenisukuma nisome kwake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kuruhusu kifaa kifungwe kwenye bani lake, na ndiye aliyekitetea wakulima wengine walipochoka nacho. Na walichoka kweli. Maana kifaa cha Mwalimu kisipojua joto, hakibahatishi. Kinaangusha kimlango na kupiga kengele mpaka mtu aje. Unyevu ukiingia kwenye kiungio, kengele. Kuku akirukia waya, kengele. Mwenyekiti wa chama cha wakulima, mzee mwenye heshima zake, alimwambia mkutanoni, "Mwalimu, kuna vifaa vingine vinauzwa siku hizi, havina makelele. Vinaonyesha namba muda wote."

"Muda wote?" akauliza Mwalimu.

"Muda wote. Usiku na mchana."

"Hata waya ukikatika?"

Mwenyekiti akafikiri. "Nadhani hata ukikatika."

"Basi mzee wangu, hiyo namba ni ya nini?"

Watu walicheka, vifaa vikabaki. Lakini kila msimu maneno yalirudi, na kila msimu alikwenda mwenyewe kuyajibu. Ningeweza kukutajia wenye mabani ambao majani yao yalikauka salama kwa sababu ya kengele ile, na wapo ambao hawajui mpaka leo, maana jambo lililozuiwa halionekani. Mimi nalijua, na najivunia kulijua. Nilipoajiriwa na chama kuitunza programu yake, baada ya yeye kustaafu na kuhamia kwake Ntalikwa, nilikwenda kanisani nikatoa shukrani, mimi nisiyekwenda sana.

Ntalikwa hakupumzika. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, akawa anakuza herufi kwenye kompyuta mpaka neno moja linajaza kioo, na hivyo hivyo, neno kwa neno, akaendelea kuandika. Mwaka huu aliniletea toleo jipya alilolishughulikia kwa miezi. Lilikuwa zuri. Programu ilikuwa nyepesi kuliko zamani, sababu za kushindwa zimetajwa moja moja kwa majina yake, kipimajoto kimetenganishwa na kimlango, kimlango na kengele. Nilikuwa nasoma natabasamu peke yangu. Halafu nikafika kwenye ule mstari.

Ulisema hivi: kipimajoto kisipojibu, tumia joto la mara ya mwisho.

Basi. Bila kengele, bila kimlango kuanguka. Kipimajoto kikikatika asubuhi bani likiwa na joto la kawaida, mashine ingeendelea kuamini joto hilo hilo hadi jioni, huku moto ukifanya utakavyo. Nilielewa mara moja umetoka wapi. Alikuwa akijaribu kifaa sebuleni kwake bila kipimajoto, kengele ikamchosha, akaweka mstari wa kuinyamazisha kwa muda. Kisha herufi zikiwa kubwa namna ile, neno moja kwa kioo kizima, mstari ukapita chini ya macho yake asiuone tena. Kompaila haikumkatalia, kwa sababu alikuwa amefunua na kusema atafanya nini. Huo ndio mpaka wa lugha ile, na wa kila lugha: inaweza kukulazimisha ujibu, kusema kweli haiwezi kukulazimisha.

Nakala yangu ningeirekebisha kimya kimya, na heshima yake ikabaki. Lakini zile alizozipakia mwenyewe zilikuwa zimeshafungwa mabanini, na kuni zilikuwa zinapangwa.

Nilifika Ntalikwa asubuhi. Alikuwa barazani anamenya karanga, ungo mapajani, akinitambua kwa hatua kabla ya uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mtoto wa Goweko. Karibu, kaa."

"Nikikaa sitasema. Nimekuja na jambo baya."

Akaacha kumenya. "Sema."

"Kwenye toleo jipya kuna mahali kipimajoto kikinyamaza hatuambiwi."

"Soma."

Nikafungua kompyuta nikasoma. Alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja.

"Nani kaandika hivyo?"

Alijua. Mimi nilijua kwamba anajua. Nikakumbuka yule mwalimu wa kisima, na nikajisikia kama nimesimama mbele ya mama yangu mzazi na fimbo mkononi.

"Ni wewe, Mwalimu."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Kisha nikaanza kupaka mafuta, kwamba labda alikuwa anajaribu tu, kwamba ni jambo la kawaida, kwamba hata mimi ningeweza.

"Usinipambe," akasema. "Yako mabani manne yenye toleo hilo." Akayataja kwa vidole, wenye nyumba na njia za kufika kwao. La nne lilikuwa la mama.

Akainuka, akaweka ungo chini, akaingia ndani bila kusema zaidi. Nilidhani nimefukuzwa. Nikampigia mama simu nikamwambia asiwashe moto na awaambie na wenzake watatu, na yeye akaniuliza kuna nini, nikasema Mwalimu anakuja. Hapo mlango ukafunguliwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu.

"Mwalimu, mimi nitazunguka mwenyewe. Wewe pumzika."

"Wewe ndiye uliyekosea?"

"Hapana."

"Basi twende."

Gari la chama lilituchukua. Kwenye kila bani alishuka, akaomba wenye nyumba wakusanyike, akasema maneno yale yale bila kuyapunguza: kifaa hiki kina kosa, kosa nimelifanya mimi, msiwashe mpaka tukirekebishe. Nilisimama pembeni na kompyuta yangu nikitamani ardhi inifiche, kwa aibu ambayo yeye hakuwa nayo.

Tulipofika kwetu habari zilikuwa zimetangulia. Mwenyekiti alikuwepo, na wakulima wa kutosha kujaza uwanja. Mwalimu akasema yake. Mama, kwa adabu yake yote, akawahi kumfunika: "Aa, Mwalimu, si neno. Mashine ndivyo zilivyo."

"Mashine haina kosa, mama. Nimekwambia ni mimi. Na aliyenikamata ni huyu wako."

Mama akanigeukia. Alinitazama kama mtu aliyemvua mkubwa wake nguo hadharani, na kwa kweli hata mimi nilijiona hivyo.

"Usimtazame hivyo," Mwalimu akasema, na sauti ile ya kwaya ikapungua mpaka watu wakasogea kusikia. "Nimefundisha miaka yangu yote nikingoja mmoja atakayenisahihisha mimi. Macho yakaanza kwenda, hajatokea. Nikaogopa nitakufa hajatokea." Akanishika bega. "Basi ni huyu. Ametoka nyumba hii."

Mama aliweka kiganja mdomoni. Sikumwona akilia siku ile, lakini aligeuka akaanza kupanga upya kuni zilizokuwa zimeshapangwa vizuri.

Nikapakia programu iliyorekebishwa. Nilipomaliza Mwalimu akauliza waya wa kipimajoto uko wapi, akaupapasa, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye kiungio, na kabla sijamsaidia akauchomoa. Kimlango kikaanguka kwa kishindo. Kengele ikaanza, kali, ya kutoboa masikio. Watoto wakaziba masikio wakikimbia, kuku wakatawanyika.

"Sawa, sawa, Mwalimu!" akapaza sauti mwenyekiti. "Tumesikia! Rudisha!"

Nikanyoosha mkono niurudishe waya. Akaushika mkono wangu akauzuia.

"Acha ilie kidogo," akasema.

Akasimama pale, kidevu juu, macho yake yasiyoona vizuri yameelekea kwenye sauti, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake, na kengele ikalia mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wakaanza kuja kuuliza kuna nini.